Pima kutoka kona mbili: kutunza kaburi la zamani kwenye ua wa kanisa

Mimi ni fundi mwashi, naishi Nyakato hapa Mwanza. Babu yangu mzaa baba alikuwa katekista, akazikwa mwaka 1958 ubavuni mwa kanisa dogo upande wa Magu, mahali ambapo ziwa unaliona kwa chini kati ya mawe. Mwaka 2009 waliongeza ukumbi. Tipa likamwaga kifusi juu ya makaburi, misalaba ya mbao ikaishia kuwa kuni. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila hakuna aliyekuwa ameandika popote nani kalala wapi. Nilimtafuta babu miaka minne.

Katika kutafuta huko ndipo nikasoma habari za Horatio Gates, jenerali wa Wamarekani walipopigana kujikomboa kutoka Uingereza. Oktoba 17, 1777, pale Saratoga, Jenerali Burgoyne wa Uingereza alisalimu amri mbele yake pamoja na jeshi lake, na ushindi ule ukasaidia kuileta Ufaransa vitani upande wa Wamarekani mwaka uliofuata. Gates alifariki Aprili 10, 1806, akazikwa kwenye ua wa kanisa la Trinity, Wall Street, jijini New York. Anajulikana yumo humo, lakini mahali hasa kaburi lake lilipo hapajulikani. Ua huohuo una kaburi la Alexander Hamilton, aliyefariki 1804, na mnara wake mweupe unaonekana na kila mtu. Iliniuma kweli. Kama jenerali anaweza kupotea ndani ya uzio, katikati ya jiji, sembuse katekista wa kijijini.

Ukitaka kuanza, omba kwanza ruhusa kwa paroko au mchungaji, na ukoo ujue. Bila hivyo usiguse jiwe.

Halafu nenda kwa wazee, hasa akina mama, maana wao ndio waliokuwa wakifagia pale. Mimi bibi mmoja jirani aliniambia, "Mjukuu wangu, tulipanda mnyaa upande wa kichwa." Mnyaa wenyewe ulishakatwa, lakini kisiki kilikuwepo chini ya kifusi. Nikachukua nondo ya milimita 8, nikaifanya ncha butu, nikawa naichoma taratibu kila sentimita 20, nikifuata mstari wa makaburi mengine. Kwenye udongo mtupu nondo inazama kimya. Mara ikagonga, ko! Nikasogea kidogo, ko! tena. Hapo unaacha nondo na kuondoa kifusi kwa mikono na mwiko, hadi usawa wa zege tu. Chini ya hapo si kazi yako.

Kusafisha kunataka subira kuliko nguvu. Lowesha zege kwa maji safi, sugua kwa brashi laini ya nailoni kuanzia chini kwenda juu, ili maji machafu yasiache michirizi, kisha suuza. Koga iliyong'ang'ania ilainishe kwa maji, uikwangue kwa kijiti cha mwanzi. Brashi ya waya usiilete kabisa. Jiki pia iache nyumbani: kaburi litang'aa siku ile, lakini chumvi yake inabaki ndani ya vitundu vya zege, inakauka, inavimba, na baada ya misimu michache uso unaanza kumenyeka na herufi zake. Na tafadhali usipige plasta mpya juu ya maandishi ya zamani. Nimeombwa kazi hiyo mara nyingi na ninaikataa.

Maandishi yaliyofifia hayasomeki saa sita, jua letu likiwa utosini. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja na nusu jioni, mwanga ukija kwa ubavu. Ukichelewa, mwenzako ashike kioo arushe mwanga kwa pembeni. Kwa babu herufi zilichorwa kwa msumari zege likiwa bichi. Mchana sikuona kitu. Asubuhi iliyofuata likajitokeza neno TEKISTA, huku KA ikiwa imekwenda na kona iliyovunjika, na T ya mwisho imepinda kama mkono wa mchoraji uligonga kokoto. Piga picha wakati huohuo.

Sasa kupima, na hapa ndipo naomba usifanye haraka. Chagua kona mbili za jengo la kanisa lenyewe. Mti, uzio au choo vinahama. Tepu ya mita 30 inatosha. Pima kutoka kona ya kwanza hadi katikati ya upande wa kichwa cha kaburi, tepu ikiwa imekazwa na imelala sawa, kisha kutoka kona ya pili hadi palepale. Rudia mara mbili. Hata kila kitu kikifukiwa, mtu atachora duara kwa kamba kutoka kila kona, na yanapokutana upande wa kaburi ndipo penyewe. Ndiyo maana lazima uandike pia upande: kaskazini ya kanisa, au kusini.

Andika nakala tatu kwa kalamu ya wino: moja ofisi ya parokia, moja kwa ukoo, moja kwako. Yangu ipo ndani ya Biblia ya baba: kusini ya kanisa, mita 11.40 kutoka kona ya mlango mkubwa, mita 14.75 kutoka kona ya sakristia.