Usiuze beberu kwa kosa la joto la mwezi wa 10

Mama mmoja mfugaji wa upande wa Kipushi, jirani na Lubumbashi huku Kongo, aliniita mwezi wa 12. Mbuzi wake walikuwa wamepandwa, lakini kila wiki tatu wanataka dume tena, yaani mimba haishiki, naye alishapata mnunuzi wa Noeli wa kumchukua beberu. Nikaomba kwanza nishike korodani zake. Zilikuwa laini, zinabonyea kama parachichi lililoiva mno. Za dume mzima hujaa mkononi na kukaza kama msuli. Halafu nikatazama banda: mabati yalikaribia kugusa pembe zake.

Huku Lubumbashi joto kali hushika mwezi wa 9 na wa 10, kabla mvua haijatulia. Korodani hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 chini ya joto la mwili, ndiyo maana zinaning'inia nje. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa 6 utaziona zimejikunyata juu, mchana wa mwezi wa 10 zimelegea hadi chini. Zikishinda chini ya bati la moto siku kadhaa, mbegu huharibika. Na mbegu ya beberu huchukua kama siku 60 tangu ianze kutengenezwa hadi itoke. Ya fahali kama siku 70. Basi hasara unaiona mvua imeshanyesha, hakuna anayelikumbuka tena joto. Hamu yake mara nyingi inabaki: ananuka, anapanda, na wewe unaamini kazi imefanyika. Homa kali ya ugonjwa nayo huharibu vivyo hivyo.

Kwa hiyo mpe miezi miwili ya kivuli kabla ya kumhukumu. Paa liinuliwe juu ya kichwa cha mtu, bati lifunikwe nyasi, ukuta uache upepo upite. Mfunge chini ya mwembe mchana, maji yasimwishie, apande alfajiri. Mwisho wa kiangazi nyasi zimekauka, hazimjengi. Mwongezee majani mabichi na pumba za mahindi. Nguruwe dume hatoi jasho la kumpoza: mmwagie maji mchana. Ila korodani moja ikivimba, au zote zikibaki laini baada ya miezi hiyo, mwite daktari wa mifugo.

Mimi ningepandisha mwezi wa 6. Dume yuko na nguvu, majike bado wana unono wa mvua iliyopita, na mbuzi hubeba miezi mitano, kwa hiyo watoto wanazaliwa mwezi wa 11 nyasi zikichipua na maziwa yakiwepo. Lakini sakafu iwe kavu, maana ugonjwa wa kifua huua watoto wengi wakati wa mvua.

Beberu wa yule mama hakuuzwa. Tulimhamishia chini ya mwembe, na kufika mwezi wa 3 majike wengi walikuwa wameacha kutaka dume tena.