Somo: Kuchagua mbegu safi ya muhogo (someni kabla ya kunipigia)

Kila masika yakikaribia ni simu ileile: "Majani yalikuwa mazuri, mbona mihogo imeoza?" Nimechoka. Haya.

1. Mbegu itoke kwenye shina lililokomaa, miezi 8 hadi 12.

2. Kagua shamba la mbegu mapema. Ugonjwa wa batobato haujifichi: majani machanga ya juu yana mabaka ya njano na yamejikunja. Ng'oa.

3. Michirizi ya kahawia. Hapa niliumia. Nilichukua mbegu ya muhogo aina ya Albert kwa jirani mwisho wa kiangazi, nikatazama vilele, vimenawiri, nikajaza ekari nzima. Kumbe huu ugonjwa hujionyesha kwenye majani ya chini, yaliyozeeka, njano ikifuata mishipa, na hayo yalishapukutika. Mwezi wa kumi nang'oa: nje muhogo safi, ndani madoa makavu ya kahawia. Nililisha nguruwe wa watu.
USICHUKUE mbegu shina likiwa uchi. Angalia michirizi kwenye shina changa. Kisha ng'oa mashina kadhaa kila pembe ya shamba, ukate kila muhogo vipande vitano au sita. Ukiona doa, shamba hilo lisitoe mbegu hata ya kumpa shemeji.

4. Kata shina vipande (pingili) vya sentimita 20 hadi 30, macho 5 hadi 7. Panda.

MASWALI

— Mkuu, nipulizie dawa gani?
Hakuna. Magonjwa yote mawili ni ya virusi, na virusi havitibiki kwa dawa. Dawa ya nzi weupe, wanaoeneza virusi hivyo, inaua nzi, shina linabaki gonjwa.

— Nimekata muhogo mmoja, uko safi. Nipande?
Nimeandika mashina kadhaa.

— Mihogo yangu ya aina ya Kiroba ina njano majanini lakini mizizi mizima. Inakuwaje?
Swali zuri, ndugu. Kiroba inavumilia michirizi: virusi vimo, mizizi haiharibiki sana. Ubaya wake ni kuvihifadhi, nzi weupe wakavihamishia jirani. Usiipande kando ya Albert. Nzi huyo habebi virusi vya michirizi kwa muda mrefu, hivyo safari ndefu hufanywa na sisi, na mizigo ya mbegu kwenye bodaboda.

— Mbegu ikisubiri mvua?
Isimamishe kivulini, vitako ndani ya udongo wenye unyevu.

— Kisamvu cha mmea mgonjwa kinaliwa?
Kinaliwa, virusi hivyo havimshiki mtu. Ila ukichuma vilele vyote, batobato utaionea wapi?

— Mimi natwanga na kitunguu saumu, nazi mwishoni.
Tui zito lisichemke sana. Karibuni Muheza.