Somo: Kupima mkazo wima wa shira ya polima iliyotiwa chembe

Kila muhula naulizwa kwa nini reomita (mashine ya kupima jinsi viowevu vinavyotiririka) hutoa kani ya wima isiyoeleweka mara tu chembe zinapotiwa kwenye kiowevu chenye mnato na unyumbufu. Nimechoka kulijibu swali hilo kipande kipande, kwa hiyo naliandika jibu lote hapa kwa wenzangu wa maabara za Nairobi.

Hatua ya 1. Yeyusha poliakrilamaidi (polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo) katika maji, kisha uichanganye na glukosi nzito ya waokaji ili upate shira, polima isizidi 0.1% ya uzito wote.

Hatua ya 2. Chekecha vishanga vya kioo vya mikromita 50, vioshe na uvikaushe.

Hatua ya 3. Changanya vishanga na shira taratibu, kisha utoe viputo kwa pampu ya ombwe.

Hatua ya 4. Tumia sahani sambamba zenye pengo la mm 1, si koni na sahani. Ncha ya koni huacha nafasi finyu ambamo vishanga hukwama.

Hatua ya 5. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya wiki tatu. Sahani ya juu inaposhuka hukamua sampuli, na polima iliyonyooshwa huendelea kuisukuma sahani hata baada ya mota kusimama. Mimi nilianza kupima mara moja, nikaona kani ikiongezeka kwa kila kiasi cha vishanga nilichotia, nikafurahi, kumbe sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa mabaki ya kukamua, kwa maana sampuli nzito zaidi ndizo zinazochelewa zaidi kutulia. Kwenye sahani ya kipenyo cha mm 40, mabaki ya 0.5 N ni takriban 400 Pa, na fomula huyazidisha mara mbili au zaidi. Kwa hiyo shusha sahani polepole, kwangua shira iliyotokeza ukingoni, kisha ungoje mpaka kani iwe imetulia kabisa, na uiandike kabla na baada ya kila kipimo. Usiongeze mzunguko ili “kuharakisha” utulivu huo. Usifungue dirisha asubuhi ya Julai kipimo kikiendelea, kwani mhimili ukipoa hufupika kidogo na kani huhama.

Hatua ya 6. Panda kutoka kasi ndogo hadi kubwa, kisha urudi. Vipimo vya kurudi visipolingana na vya kupanda, ukingo umepasuka au chembe zimehama.

Swali (Juja): Nimetia vishanga 30% lakini mnato wangu ni mdogo kuliko wa vitabuni. Reomita ni mbovu?

Jibu: Asilimia ya uzito au ya ujazo? Kioo kina uzito wa takriban g 2.5 kwa sentimita moja ya ujazo, na shira g 1.4, kwa hiyo 30% ya uzito ni kama 19% ya ujazo. Reomita haina kosa.

Swali (Kasarani): Naomba fomula ya N1 (tofauti ya kwanza ya mikazo wima) tu, hayo mengine nayajua.

Jibu: Sahani sambamba hazitoi N1. Hutoa N1 − N2 = (F/πR²)(2 + m), ambapo N2 ni tofauti ya pili ya mikazo wima, F ni kani ya wima, R ni nusu kipenyo cha sahani, na m ni mteremko wa logi ya F dhidi ya logi ya kasi ya mkato (kasi ambayo tabaka za kiowevu huteleza juu ya nyingine) ukingoni. Chembe huikuza N2 upande wa hasi, kwa hiyo atakayeipuuza atatangaza N1 kubwa kuliko iliyopo.

Swali (Eneo la Viwanda): Mwalimu, mimi huchanganya rangi. Chembe ni ngumu na hazinyumbuki, unyumbufu unaongezekaje?

Jibu: Ahsante, ndugu, hicho ndicho kiini cha jambo lenyewe. Chembe haibadiliki umbo, kwa hiyo kiowevu kilicho kati ya chembe mbili hulazimika kukatwa kwa kasi kubwa kuliko ile uliyoiweka kwenye mashine, na polima hunyooshwa zaidi inapozunguka kila kishanga. Katika shira kama hii N1 hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo nyongeza ndogo ya kasi huko ndani huonekana wazi kwenye kani. Ukitaka kuiona bila reomita, zungusha fimbo laini katikati ya bakuli, nawe utaona shira ikipanda fimbo badala ya kukimbilia kingoni.

Swali (Eneo la Viwanda): Vishanga vya kupakia alama za barabarani vinafaa?

Jibu: Vinafaa, ila vina ukubwa mchanganyiko, hivyo vichekeche mara mbili. Vikiwa vya mikromita 50 na shira ikiwa na mnato wa 10 Pa·s, huzama takriban nusu milimita kwa saa. Pengo lako ni mm 1, basi maliza kila sampuli ndani ya dakika kumi baada ya kani kutulia, na usiirudie sampuli ile ile.