Kununua kadi ya michoro ya mtumba: anza na pawasaplai, malizia kwa kuichemsha nusu saa

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kompyuta za gemu, na nyingi kati ya hizo zina kadi ya michoro, ile inayochora picha za skrini, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Kwa mwenye bajeti ndogo, kadi ya mtumba ndiyo njia ya uhakika ya kucheza vizuri. Lakini usianze kwa kutafuta kadi. Anza na mashine uliyonayo, na usitoe pesa kabla kadi haijapata moto mbele ya macho yako. Wengi wanaoniletea kadi mbovu waliruka moja kati ya mambo haya mawili.

Hatua ya 1: Fungua kasha la kompyuta yako

Toa ubavu wa kasha usome kibandiko cha pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Usiangalie namba kubwa ya juu, tafuta mstari wa 12V. Utakuta pawasaplai imeandikwa wati 500 huku mstari wa 12V ukitoa ampea 20 tu. Zidisha: 12 mara 20 ni wati 240, na humo ndimo kadi na prosesa zinamokula pamoja.

Kisha hesabu plagi. Sloti ya PCIe, yaani tundu la mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) linaloshika kadi, yenyewe hutoa hadi wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza wati 75, ya pini 8 inaongeza 150. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa kazi za ofisi hazina hata plagi moja ya aina hiyo. Kama yako ni ya kundi hilo, tafuta kadi zinazojitosheleza kwa umeme wa sloti, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 (GTX na RTX ni kadi za Nvidia, RX ni za AMD). Hata hapo kagua picha, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliiwekea GTX 1650 plagi ya pini 6.

Kuna adapta za bei ya chini zinazogeuza plagi ya SATA, ile ya diski, kuwa pini 6. Achana nazo kabisa. Plagi ya SATA inabeba wati 54 tu kwenye 12V. Niliwahi kuchomoa moja kwenye kompyuta ya mteja: plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na kugandamana na pini, ikabidi niikate kwa koleo. Diski iliyokuwa kwenye waya huohuo nayo ilikuwa imekufa.

Pima pia urefu kwa rula, kuanzia bati la nyuma la kasha hadi kizuizi cha kwanza mbele. Kama kasha ni jembamba, utahitaji kadi fupi kwa kimo yenye bati lake fupi. Na kama skrini yako ni ya VGA tu, fahamu kwamba tangu GTX 1000 na RX 400 kadi hazitoi tena mawimbi ya analogi, kwa hiyo weka hesabu ya kigeuzi cha HDMI kwenda VGA.

Hatua ya 2: Chagua memori kwanza, jina baadaye

Nachukulia unacheza kwa 1080p (skrini ya pikseli 1920 kwa 1080). Gemu za mashindano na za zamani zinaridhika na GB 4 za memori ya kadi. Gemu kubwa za miaka ya karibuni zinataka GB 8. Memori ikijaa, wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri tu, lakini ukigeuza kamera ghafla picha inakwama kidogo, halafu kuta mbele yako zinabaki na ukungu kama zimepakwa mafuta mpaka picha zake zipakiwe. Hakuna mpangilio wa prosesa utakaoondoa hilo.

Chaguo langu la kwanza ni RX 6600 ya mwaka 2021. Ina GB 8, inakula wati 132, na kwa kawaida inahitaji plagi moja tu ya pini 8. Ukipata RTX 3060 ya GB 12 kwa bei inayokaribiana nayo, ichukue, mradi pawasaplai inamudu wati 170. Chini yake ipo GTX 1660 Super ya 2019 yenye GB 6: kadi tulivu, isiyo na makuu. RX 580 ya GB 8 bado inacheza mengi, ila inakula wati 185 na inatoa joto kwelikweli.

Umri nao una gharama. Nvidia ilifunga draiva (programu zinazoiendesha kadi) mpya za gemu kwa GTX 900 na GTX 1000 mwezi Oktoba 2025, zikabaki marekebisho ya usalama tu. Na zipo gemu zilizotoka tangu mwishoni mwa 2024 zinazokataa hata kufunguka kama kadi haina sakiti za kufuatilia miale ya mwanga. RX 6600, RTX 2060 na RTX 3060 zinazo. GTX zote na RX 5700 XT hazina. Ndiyo maana simshauri mtu tena kununua GTX 1080 Ti, ingawa niliipenda sana kadi ile.

Hatua ya 3: Jihadhari na majina yanayofanana

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, tena bila muuzaji kusema uongo hata mara moja. GTX 1060 ya GB 3 haikupunguziwa memori peke yake: ina viini (vitengo vya kukokotoa) 1152, wakati ya GB 6 ina 1280. RX 580 iliyoandikwa 2048SP ina viini 2048 badala ya 2304, yaani ni RX 570 iliyovaa jina la mkubwa wake. GT 1030 yenye memori ya DDR4 ni dhaifu mno ukiilinganisha na ile yenye memori ya kasi zaidi ya GDDR5. RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe, kwa hiyo kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inalegea vibaya, hasa GB 4 zake zikijaa. Intel Arc kama A750 ni nzuri, lakini sharti mazabodi iwe na Resizable BAR (uwezo wa prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja). Kama haina, usihangaike nayo.

Halafu kuna bandia za kweli: kadi kongwe kama GTX 550 Ti iliyobadilishwa BIOS (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) ijiite GTX 1050 Ti. Windows itaamini. Programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, haidanganyiki kirahisi. Huandika neno FAKE mbele ya jina. Na ukiona "GTX 1050 Ti" yenye tundu la VGA, shuku papo hapo.

Hatua ya 4: Ikague kwa macho, vidole na pua

Iombe ikiwa nje ya kompyuta. Tazama meno ya dhahabu ya sloti: mikwaruzo ya kawaida si neno, jino lililoungua au kung'oka ni tatizo. Chungulia skrubu nne za nyuma zinazoshika kipoza joto. Kama vichwa vimelika, kadi imefunguliwa. Kufunguliwa si kosa, ila uliza kwa nini. Shika kitovu cha feni ukitikise taratibu. Kikicheza huku na huko, feni iko mbioni kufa. Kisha nusa karibu na plagi ya umeme. Harufu ya kuungua hukaa muda mrefu hata baada ya kadi kusafishwa ikang'aa.

Je, ilikuwa inachimba sarafu za kidijitali? Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, na kadi nyingi zikaingia sokoni. Mimi sizikatai. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika mara nyingi iko sawa. Kinachochakaa ni feni na vipande laini vya kupitisha joto kwenye memori. Kwa RX 570 na 580 hakikisha BIOS ni ya asili, maana wachimbaji walikuwa wakizibadilisha.

Hatua ya 5: Ichemshe nusu saa

Nenda na flashi yenye GPU-Z, pamoja na Unigine Heaven na FurMark, programu za kuipa kadi kazi nzito. Fungua GPU-Z, hakiki jina, idadi ya viini na ukubwa wa memori. Anzisha Heaven na iache izunguke dakika 30. Muuzaji akisema dakika tano zinatosha, mwambie kwa upole kwamba utasubiri.

Nina sababu. Kuna RX 580 niliyoijaribu ikatulia kabisa dakika kumi za kwanza: nyuzi 74, feni kimya. Dakika ya kumi na mbili kikatokea kinukta cha kijani kwenye anga la mchezo. Kimoja tu. Baada ya nusu dakika vilikuwa vingi, vimejipanga kama kitambaa cha drafti, kisha skrini ikawa nyeusi. Chipu moja ya memori ilikuwa inafeli kila ilipopata moto. Ningeondoka dakika ya tano, ningeondoka nayo.

Wakati jaribio linaendelea, angalia joto la chipu na lile la sehemu yake yenye moto zaidi. Chipu ikitulia chini ya nyuzi 80 nafurahi. Tofauti ya joto hizo mbili ikivuka nyuzi 25 kwa mbali, grisi ya kupoza imekauka, na hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Mwisho endesha FurMark dakika tano tu, uone kama umeme unakatika. Jaribu pia kila tundu la picha, watu husahau.

Kama unanunua kwa mbali, omba video moja isiyokatwa inayoanzia kwenye namba ya kadi hadi GPU-Z na Heaven vikiwa vinafanya kazi. Anayekataa video, mwache.

Hatua ya 6: Kuifunga

Ondoa draiva za zamani kwa programu ya DDU, zima, chomoa umeme, kisha badilisha kadi. Kadi yenye plagi mbili ipe waya mbili tofauti za pawasaplai, usigawanye mmoja. Kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi yenyewe; nimeshapigiwa simu mara nyingi kuhusu "kadi mbovu" ambayo skrini yake ilikuwa imechomekwa kwenye mazabodi.

Ukibadilisha grisi, vile vipande laini vya memori usivitupe kabla hujapima unene wake. Kipande kinene kupita kiasi kinanyanyua kipoza joto, chipu inakosa kugusana nacho vizuri, na kadi uliyoitoa kwa muuzaji ikiwa na nyuzi 74 inafika 90 mikononi mwako.