Namna ya kutoa maoni juu ya hadithi fupi za wapelelezi sugu wa Marekani

Wasomaji wengi wa hadithi hizi za wapelelezi wa kulipwa, wagumu wa moyo, hutoa malalamiko mawili: kwamba kisa kimevurugika na kwamba mpelelezi hana utu. Yote mawili yanaweza kuwa ya haki, lakini hayawi maoni mpaka msomaji aonyeshe mahali yalipozaliwa ndani ya hadithi.

Kwanza tazama hadithi ilitoka lini na wapi. Nyingi zilichapishwa katika majarida ya bei rahisi, hasa Black Mask, lililoanzishwa mwaka 1920, mwaka uleule ambao marufuku ya pombe ilianza kutekelezwa Marekani na kuwafungulia majambazi biashara. Mwandishi Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa shirika binafsi la upelelezi la Pinkerton, alimleta mpelelezi wake asiye na jina mwaka 1923, naye mwandishi mwenzake Raymond Chandler akaingia katika jarida hilo mwaka 1933. Angalia pia unasoma toleo lipi. Mpelelezi wa "Red Wind" ya Chandler aliitwa John Dalmas hadithi ilipotoka katika jarida la Dime Detective mwaka 1938, kisha vitabuni akageuzwa kuwa Philip Marlowe, mpelelezi wa riwaya za Chandler. Basi anayelalamika kwamba huyu hafanani na Marlowe wa riwaya hajakosea, ila sababu yake ndiyo hiyo.

Soma mara mbili. Mara ya kwanza fuata kisa. Mara ya pili shika penseli, liache swali la nani aliyeua, uweke alama kila mpelelezi anapofanya jambo ambalo hakulipwa kulifanya. Katika "The Gutting of Couffignal" ya mwaka 1925, mpelelezi wa Hammett analinda zawadi za harusi kisiwani. Usiku majambazi wanapokivamia kisiwa hicho, anateguka kifundo cha mguu, na ili aweze kutembea anamchukulia kilema gongo lake. Ni tukio dogo, rahisi kulipita. Lakini maneno ya mwisho ya hadithi yanalirudia gongo hilo, na msomaji aliyelipita atauona ukali wa mwisho kama umedondoka kutoka hewani, hali aliyeliwekea alama atajua kuwa mwandishi alikwisha kutuonya.

Unapoandika, taja ulichokitarajia. Sisi tuliozoea kumsoma Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, tumejifunza kungoja fumbo lifumbuliwe hatua kwa hatua, jambo ambalo Hammett hulifanya kwa haraka na Chandler, kwa maoni yangu, hulifanya vibaya. Chandler mwenyewe alizichukua hadithi zake fupi "Killer in the Rain" na "The Curtain" akaziunganisha katika riwaya ya The Big Sleep ya mwaka 1939, na mishono bado inaonekana. Kwa hiyo mpime kwa sentensi zake: nakili tashbihi moja uliyoipenda na nyingine iliyokuchosha, kwani ziko za aina zote mbili, ueleze tofauti yake.

Usiyafunike yanayoudhi. Hadithi ya Hammett ya mwaka 1925 kuhusu mtaa wa Wachina wa San Francisco ina dharau tangu kwenye jina lake, "Dead Yellow Women". Kusema tu kwamba ndivyo zama zilivyokuwa hakutoshi. Onyesha sentensi yenyewe, kisha useme kama ni mhusika anayedharau au ni mwandishi.

Kuhusu mwisho, eleza ulivyokugusa bila kuufichua. Mtu anaweza kuandika kwamba "Red Wind" inamalizikia ufukweni, lulu zikiwa mkononi mwa mpelelezi, na asimharibie yeyote utamu. Akishaeleza zile lulu ni za nini, ameuharibu.