Kima wa Karura: chakula kiingie begini palepale getini

Ukijitolea kuwaongoza wageni katika Msitu wa Karura, Nairobi, usingoje kuwakemea wakishaanza kuwarushia kima ndizi. Wapokee getini, wasalimie, kisha waombe waweke chakula chote ndani ya begi lenye zipu: ndizi, karanga, hata mandazi aliyoyashika mtoto mkononi. Kima hunyakua anachokiona. Asipokiona, mara nyingi hupita zake. Na mtu husikia vizuri zaidi kabla hajakosea, maana hana haja ya kujitetea mbele ya watoto wake. Hapohapo wakumbushe kuhusu chupa za maji: plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu na hifadhi za Kenya tangu Juni 2020.

Mbinu hii haifui dafu sehemu za pikiniki, ambako kima wameshazoea watu na hupekua hata mabegi. Huko mwambie mgeni afunge chakula, ainuke na aondoke taratibu, bila kumkodolea kima macho wala kumwonyesha meno. Akishanyakua kitu, mwachieni. Ukigombania naye, atakuuma.