Kabla hujatuma maombi ya kazi serikalini ukiwa na ulemavu, haya yaweke sawa kwanza

Mimi uoni wangu ni hafifu, na kazi ya kwanza serikalini niliyoomba niliikosa kwenye fomu tu, usaili wenyewe hata sikuufikia. Mfumo wa maombi ulikuwa ukikaa dakika kadhaa bila kubofya kitu unakutoa nje, sasa mimi natumia programu ya kusoma skrini ambayo inasoma mstari mmoja baada ya mwingine, nikifika kwenye kuambatisha vyeti narudishwa mwanzo kulogini upya. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mara ya nne ikagonga saa sita usiku na dirisha likafungwa. Sifa zote za kazi nilikuwa nazo. Kilichoniangusha ni kwamba nilijiandaa kwa ajili ya kazi nikasahau kujiandaa kwa ajili ya kuomba kazi, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, hasa kwetu sisi.

Kwahiyo cha kwanza, akaunti ifungue mapema, usisubiri tangazo. Ukiona kazi tu ingia siku hiyohiyo, pita kurasa zote za fomu hata kama hujazi kitu, uone wapi pana kapcha (lile jaribio la kuthibitisha wewe si roboti) ya picha isiyo na sauti, wapi tarehe lazima uichague kwa mausi, wapi inakutoa nje. Majibu marefu yaandike kwanza pembeni alafu unabandika. Ukigundua fomu haikupitishi kwa sababu ya ulemavu wako, waandikie siku hiyo, waambie ukurasa gani unagoma na uombe njia mbadala ya kutuma. Malalamiko ya siku kumi kabla ya dedlaini yana uzito, ya saa mbili kabla yanaonekana ni kisingizio tu.

Tangazo lenyewe lisome vizuri. Matangazo mengi ya serikali ni karatasi iliyogongwa muhuri ikaskaniwa, yaani ni picha, programu ya kusoma skrini ikifika hapo inakaa kimya. Omba wakutumie maandishi, au tumia app ya simu inayogeuza picha kuwa maandishi, lakini tarehe na namba za kumbukumbu hakiki na mtu mwenye macho mazuri maana hizo app zinachanganya 1 na 7 bila aibu. Ukishalisoma tenganisha majukumu yenyewe ya kazi na vile vitu vilivyochomekwa tu. Kazi ya kuandaa ripoti ofisini inadai leseni ya udereva, ya nini? Wakati mwingine ina sababu, mara nyingi mtu alikopi tangazo la mwaka jana. Usijiondoe mwenyewe kwa sharti la namna hiyo, uliza kwa maandishi kama ni lazima au kusafiri kwa njia nyingine kunakubalika.

Vyeti sitaongea sana, majina yafanane kwenye kila karatasi na faili zisizidi ukubwa unaotakiwa, basi. Ila kuna karatasi moja watu wanaikumbuka wakishachelewa, nayo ni uthibitisho wa ulemavu. Nchi nyingi zina kitambulisho au cheti chake, na kukipata ni mpaka upimwe na bodi au daktari anayetambuliwa, foleni yake sio ya siku mbili. India kwa mfano, nafasi zilizotengwa kwa watu wenye ulemavu zinamtaka mtu awe na ulemavu wa kuanzia asilimia 40 kwenye cheti, kwahiyo ukiwa na ulemavu wa kweli na cheti huna, kwao bado hujaingia kwenye kundi. Anza kukifuatilia sasa hivi hata kama hakuna kazi uliyoiona. Na kama ni cha muda maalumu angalia tarehe ya kuisha.

Haki zako zijue angalau kwa juujuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 27, unazitaka nchi zilizouridhia ziajiri watu wenye ulemavu kwenye sekta ya umma na zihakikishe wanafanyiwa marekebisho yanayofaa kazini. Kila nchi inatekeleza kivyake. Tanzania sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, Katiba ya Kenya ya 2010 inasema asilimia 5 kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, itekelezwe hatua kwa hatua, India sheria ya 2016 ni asilimia 4 ya nafasi za serikali. Tafuta ya kwenu inasemaje. Lakini usiingie na asilimia kichwani ukadhani nafasi inakusubiri, asilimia inakufungulia mlango wa kushindana, maksi unatafuta mwenyewe.

Sasa linakuja lile swali linalotunyima usingizi, niseme au nisiseme? Mimi naona hivi. Kama unaomba nafasi zilizotengwa, au utahitaji kitu siku ya usaili, sema. Kama hakuna kati ya hayo na fomu haijauliza, huna deni la kujieleza kwenye mstari wa kwanza wa sivii yako. Fomu ikiuliza ndio au hapana usidanganye, uongo ukigundulika baadaye unaweza kukutoa kazini. Ila kusema una ulemavu sio kusimulia faili lako la hospitali! Marekani kuna njia ya kuajiriwa serikali kuu inaitwa Schedule A, unapeleka barua ya kuthibitisha una ulemavu, na hiyo barua haihitajiki kueleza historia ya ugonjwa. Uingereza nako Sheria ya Usawa ya 2010 kwa kawaida inamzuia mwajiri kuuliza afya yako kabla hajakupa kazi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ni kujua usaili wako uandaliwe vipi. Mantiki ni moja, wanatakiwa kujua unachohitaji, unachoumwa ni chako na daktari wako.

Na hapa kwenye kuomba unachohitaji ndo wengi wetu tunaharibu. Mtu anaandika "mimi ni mlemavu naomba mnisaidie." Wakusaidie nini? Anayeipokea imeili hiyo hajui afanye nini, anaiacha. Andika kitu ambacho mtu anaweza kukifanya, mfano: "Nimeitwa kwenye usaili wa kuandika. Natumia kiti mwendo. Naomba chumba cha chini au jengo lenye lifti inayofanya kazi, na meza ambayo kiti chake hakijaunganishwa nayo. Naomba mnijibu kwa imeili hii." Hayo ya meza usiyacheke, zile meza za kumbi za mitihani zilizochomelewa pamoja na kiti kiti mwendo hakiingii popote, utaandikia mapajani saa mbili nzima. Ukiwa na uoni hafifu usiseme "maandishi makubwa", sema saizi 18 au 24. Ukiwa kiziwi omba mkalimani wa lugha ya alama, usaili ukiwa mrefu omba wawili wapokezane maana mikono na akili vinachoka, na sema mkalimani akae karibu na jopo ili uwaone wote kwa pamoja. Mwenye kigugumizi anaweza kuomba muda wa ziada kwenye mahojiano, anayeandikiwa majibu na mtu mwingine anaomba huyo mwandishi na muda pia. Muda sio fadhila, mwongozo wa India wa mitihani kwa mfano unatoa si chini ya dakika 20 za nyongeza kwa kila saa kwa anayetumia mwandishi. Maombi haya yapeleke kwa maandishi, ukipiga simu fuatisha na imeili ya "kama tulivyoongea leo".

Kama inawezekana nenda ukapaone mahali pa usaili kabla ya siku yenyewe, au mtume mtu akupigie video. Muulize mtu wa pale choo kiko wapi na mlango una upana gani. Neno "pana rampu" lisikutulize, kuna rampu zilijengwa kwa ajili ya kusukuma mizigo, mwinuko wake hata mtu wa miguu miwili anashika ukuta.

Jopo wakikuuliza "hii kazi utaiwezaje?" usinune wala usianze hotuba ya haki za binadamu, hata kama swali limekuudhi. Jibu kwa kazi. Mimi siku hizi nasema natumia programu ya kusoma skrini, jedwali la kawaida nalipitia kwa kibodi bila mausi, mkitaka nawaonyesha sasa hivi, na laptopu iko kwenye begi ina chaji. Mara moja walitaka kuona kweli, nikafungua, dakika mbili, tukaendelea na maswali mengine kama kawaida.

Matapeli nao wanatufuata sisi haswa. Atakayekuambia kuna nafasi za walemavu zimebaki tano na ada yake unatuma kwenye namba ya mtu binafsi, huyo achana naye. Na kama unapokea ruzuku au posho ya ulemavu, uliza kabla ya kusaini mkataba kama inasimama ukianza mshahara na kama inarudi kazi ikiisha, kuna watu wamelijua hili mwezi wa pili kazini.

Kingine kidogo, yale majibu waliyokupa kuhusu marekebisho yako yatoe kopi, siku ya usaili yawe mfukoni sio kwenye simu. Mlinzi wa getini anayekuambia huyu msindikizaji wako haruhusiwi kuingia hajaiona imeili yako.